Disketi Iliyokufa Mara Mbili

"Bonyeza sasa!" Fundi alipaza sauti kana kwamba binti yuko ng'ambo ya mto, si kwenye kiti cha pili.

"Nimebonyeza. Au unataka niikanyage?"

Laptop ya fundi, nyembamba kama sahani, ilikuwa imeunganishwa kwa waya na kompyuta ya marehemu baba yake binti, lidude la kijivu lililokalia nusu ya meza. Programu ilikuwa ikisafiri kutoka huku kwenda kule, kwenye disketi iliyokuwa tumboni mwa lidude, kwa mwendo wa bibi harusi.

Lile lidude halikuwa na kumbukumbu. Kila asubuhi lililishwa disketi ndipo likumbuke kazi yake, nayo ilikuwa kuiongoza mashine ya kudarizi. Na mashine ya kudarizi, kwa kiburi chake, haikusikia la mwingine. Disketi ya marehemu ilipochakaa, fundi aliandika nyingine. Ikafa. Akarudi, akaiandika upya. Ikafa tena. Sasa majoho ya kwaya yalikuwa yamelala kabatini bila nakshi, na kwaya ilikuwa ikiyataka Jumapili.

"Kwa nini usiandike mbili, moja iwe ya akiba?" binti aliuliza.

"Disketi tupu ziko wapi, dada? Dukani nikitaja tu, wananiuliza kama nimetoka safina ya Nuhu."

"Mimi nimeshaujua mchezo wako. Unaiua mwenyewe ili urudi kunywa chai ya bure."

"Chai yenyewe haina sukari. Ningeua kwa ajili ya soda."

"Hee! Mama, umemsikia? Amekuja kutengeneza au kukagua jiko?"

Mama alikuwa dirishani akishona vifungo. Alikuwa amesikia. Tangu awe mjane, kazi zake zilikuwa kusali, kushona na kumwangalia huyu mwanawe, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi. Wanaume wawili walikuja na posa, wakaondoka na majeraha.

Akamtazama fundi juu ya miwani, kwa jicho la askari wa getini.

"Baba, mtu mzima kama mimi huchezewa mara ngapi?"

Fundi akainama. "Shikamoo tena, mama. Hata mimi sielewi. Mtaani wameanza kuniita Fundi Marudio."

"Wamekusitiri," binti alisema. "Mimi nina jina baya zaidi."

"Lihifadhi, utaliandika kwenye kadi."

"Kadi gani?"

Fundi akaugeukia waya kama mtu aliyeona nyoka. Binti naye akaanza kupanga nyuzi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Hatimaye bibi harusi akafika. Fundi alilizima lidude, akaliwasha. Likakohoa, likakumbuka. Mashine ikadarizi msalaba wa dhahabu kwenye kitambaa cha majaribio, safi, bila hata uzi mmoja kuruka. Akazima kila kitu, akaichomoa disketi akaiweka mezani, akafungasha vifaa vyake polepole, kama anayefungasha nyumba nzima.

"Safari hii haitakufa," alisema. Hakuonekana kufurahi.

"Basi ndiyo tumemalizana," binti alisema. "Mungu akupe wateja wenye kompyuta za zama hizi."

"Na wewe akupe fundi mwenye masikio ya chuma."

"Amina."

"Msindikize mgeni," mama alisema.

Wakatoka. Mama aliwasikia wakifika getini, kisha wakikwaruza mchanga kwa viatu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. "Basi," fundi alisema. "Haya, basi," binti alijibu. Hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyesema neno la maana.

Mama akaviweka vifungo chini. Akaiendea sumaku ya kuokotea sindano, ile ambayo marehemu alimkataza maisha yake yote kuisogeza kwenye meza hiyo isije ikafuta disketi, akaipitisha tena juu ya disketi, mbele na nyuma, taratibu, kama anayepiga pasi.

"Kwaya itakusifu hata bila nakshi, Bwana," akanong'ona, kisha akachungulia dirishani. "Fundi! Hebu rudi, baba. Imekufa tena."