Nauli ya Hemedi

Siku hizo nauli ya basi ililipwa kwa kadi ya benki ya mwenye mshahara mkubwa nyumbani, na simu yake ilimwambia kila mtu wa nyumbani yuko wapi. Kadi ya safari, isiyosema mtu yuko wapi, ilitolewa kwa ridhaa yake tu.

Miaka sita Hemedi alimnyima mkewe Tausi ridhaa hiyo. Siku Tausi aliposhukia kwa mama yake mgonjwa bila kuaga, Hemedi alimfungia nauli. Tausi akarudi kwa miguu, na mimba ya miezi minane.

Mwezi huu mshahara wa Tausi uliupita wa mumewe. Jioni, akikuna nazi, simu ikalia.

“Mke wangu, nimepitia kwa rafiki tu. Basi limenikataa!”

“Najua ulipo, bwana. Nimekufungia.”

“Basi nikatie kadi ya safari, nakusihi.”

“Tembea kwanza. Barabara hiyo naijua, haiui mtu.”

“Mama, baba atarudije?” aliuliza Rukia, mtoto wa mimba ile.

“Kwa miguu yake.”

Tausi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwenye kioo cha simu, alama ya Hemedi ilianza kusogea taratibu. Rukia alimwita mara mbili, lakini mama yake hakuweza kubandua macho kwenye alama ile.