Mbao Isiyopigwa Msasa

Miaka kumi na moja nilikisaka kipande hiki: mbao ya mjozi ya kushikia chini ya mtutu, iliyochongwa na kuachwa bila msasa wala vanishi kiwanda cha bunduki cha mjini kwetu kilipofungwa. Bunduki yangu kuukuu ya kuwindia kwale ilikosa hicho tu.

"Kuni nyingine?" mke wangu, Wilma, aliuliza, akiniwekea pai ya tufaha kwenye meza ya useremala. "Rafu zimejaa vipande vyako, mzee. Tutalala nje kwenye theluji."

"Hii si ya rafu. Naimaliza leo."

Nikakunja msasa. Yeye akaichukua mbao, akaigeuza ili anicheke vizuri, akaisogeza karibu na macho.

Ubavuni palikuwa na maandishi ya penseli. Mafundi wa kile kiwanda waliandika chochote juu ya mbao, maana msasa ungekifuta.

*Msichana. Ratili saba. Mama mzima.* Chini yake, tarehe aliyozaliwa Wilma.

"Mwandiko wa baba," alisema, kidole kikifuata herufi za penseli.

Nikautia msasa mfukoni.

"Na bunduki yako?"

"Kwale wamepona."

Akajifuta macho kwa aproni. "Basi sogeza hizo kuni zako. Hii inakaa katikati ya rafu."