Bei ya Damu Yangu

"Mtu baki ningemwambia milioni nane. Wewe damu yangu, nipe sita tu," mjomba alisema, akilipapasa gari kama mtoto wa kumzaa.

Mpwa wake aliingia, akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kama fundi mmoja wa magari alivyomwelekeza. Sehemu ya mkanda iliyokuwa nje iling'aa. Iliyojificha ndani ilitoka na tope kavu, ikinuka uvundo wa mafuriko.

"Mjomba, hili gari lilizama."

"Si limekauka? Nimelisugua mwenyewe! Ndugu hawachunguzani, mwanangu."

Mpwa alishuka, akajifuta tope vidoleni, kidole kimoja kimoja, juu ya boneti iliyopigwa polishi ikawaka.

"Haya, mjomba," alisema. "Mimi ni mtu baki, na mtu baki huchunguza. Anza upya."