Takataka wa Bata

Mwewe alikuwa amekwisha kumnyakulia Bata vifaranga watatu. Wa nne alipoanguliwa, Bata akafanya kama wafanyavyo waliofiwa sana: akamwita Takataka, ili asitamaniwe.

"Jina gani hilo, shoga?" Kanga alimcheka, akijitingisha kwa madaha. "Wangu nimemwita Johari. Majirani wajue katoka nyumba gani!"

Mwewe aliposhuka, aliuliza majina kwanza, maana mkewe alipenda kuwaringia wenziwe kwa mlo wake. "Takataka? Nikampelekee mke wangu takataka?" Akasonya, akaondoka na Johari.

Kanga alilia siku nzima. Jua lilipochomoza tena, kifaranga wake mwingine, aliyebaki, alikuwa keshaitwa Takataka. Kuku akaiga, Njiwa akaiga, hata Bata Mzinga na majivuno yake yote akaiga. Bata akatembea kifua mbele, yeye aliyelianzisha jina hilo.

Mpaka aliposikia sauti ya mke wa Mwewe kutoka kiotani: "Mume wangu, siku hizi watoto wote wa watu wa maana wanaitwa Takataka, na mimi sijala hata mmoja!"

Bata alimfunika mwanawe kwa bawa, akamnong'oneza, "Kuanzia leo, mama, wewe unaitwa Johari."