Kabati Hili Halizimwi

Domitille alikuwa ameikalia plagi ya kabati. Alivuta kiti mpaka ukutani, akaketi, akatandaza kitenge juu ya magoti. Aliyetaka kuichomoa ilimbidi kwanza amnyanyue yeye, na Domitille hakuwa mwanamke wa kunyanyuliwa na mtu mmoja.

Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Jenereta kuukuu ya maabara yao ya Bel-Air ingeweza kubeba kabati la joto au viyoyozi vya ukumbi, si vyote viwili. Na wageni wakubwa kutoka Kinshasa walikuwa njiani.

Ndani ya kabati mlikuwa na seli za saratani, zilizotolewa tumboni mwa mtu aliye hai bado. Seli zile zilisikia ujumbe mmoja tu, "zaa, zaa," hata pasipo na anayeutuma, kama honi iliyokwama. Domitille, mtaalamu wa biolojia ya molekuli, alikuwa amezitia dawa mbalimbali aone ni ipi itaukata ujumbe huo. Majibu yangetoka mchana. Zikipoa kabla ya hapo, basi. Hakuna daktari ambaye angethubutu kumpasua mgonjwa yule mara ya pili.

Mgonjwa mwenyewe hakujua lolote. Ndugu zake walifanya kama wengi wafanyavyo mjini pale: walimsihi daktari anyamaze, mgonjwa akaambiwa kivimbe kilikuwa cha kawaida na kimeshatoka. Domitille naye aliapishwa. Uongo ule ulimkera kama kijiwe ndani ya kiatu.

Mlango ukasukumwa. Aliingia Clément, mkurugenzi wa maabara, ambaye wote walimwita Directeur. Alikuwa amerudi majuzi kutoka likizo ndefu, suruali ikimpwaya, na ngazi zilikuwa zimemwacha akihema.

"Kaa kwanza, Directeur," Domitille akasema, akimsogezea kiti kingine kwa mguu.

"Sikukuya kukaa! Zima ile kintu. Bageni beko mu njia."

"Minakatala."

"Unakatala? Weye?"

"Minakatala. Ule muntu angali muzima."

Directeur akacheka kwa dharau. "Bantu yote banajua ile seli ni ya mama yako, ule wa Katuba. Labo haiko ya familia yako, Madame!"

Domitille alikitandaza upya kitenge chake. Ni kweli mama yake alikuwa mgonjwa huko Katuba, na wenzake kazini walikwisha kuyaunganisha mambo wenyewe. Aliwaacha waunganishe.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akanong'ona.

"Unasema nini?"

"Minasema apana."

"Basi minakufukuza! Leo!"

"Nifukuze. Nikimaliza kazi nitatoka mwenyewe. Mbele ya kumaliza, sitoki, hata ulete jeshi."

Directeur akamwita mlinzi. Mlinzi, baba mmoja aitwaye Chomba, alifika mlangoni, akamtazama yule mama kitini, akavitazama viatu vyake mwenyewe, kisha akasema ameacha geti wazi. Akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Wageni wakapokelewa ndani ya joto la Oktoba. Walijipepea kwa makaratasi ya hotuba huku Directeur akiwaomba radhi, jasho likimtiririka.

Mchana Domitille alizivunja seli na kuzipima. Alama nyeusi, inayoonyesha kwamba ujumbe ungali unasikika, ilikuwa pale pale: dawa ya kwanza, bure, ya pili, bure, iliyofuata, bure tupu. Akaitazama ya mwisho. Peupe. Akasafisha miwani, akatazama tena, na bado palikuwa peupe.

Alipiga vigelegele peke yake, mpaka ukumbini hotuba ikasimama. Alicheka na kulia kwa pamoja wala hakuona haya. Kisha akavua koti lake jeupe, akalitundika, akachukua simu.

"Maman Brigitte, dawa imeonekana," alisema. "Sasa bongo ya kumuficha ugonjwa imekwisha. Umwambie bwana yako weye mwenyewe. Miye amenifukuza, sitaingia tena mu bureau yake."