Maumivu ya Raya

Siku hizi mtoto akipasuliwa mfupa, yeye na mamaye huvishwa bangili, na maumivu yote humhamia mama.

“Mwachie japo kidogo, yamfunze kujihadhari,” daktari alimsihi Tunu.

“Nilimzaa kwa uchungu. Haya nayo niachie mimi.”

Wiki ya tatu, Tunu alikuwa akisonga ugali huku ameuma kanga, paja linamwaka moto. Chumbani bintiye Raya, aliyetiwa chuma mguuni, alikuwa akiimba. Tunu alimkataza kushuka kitandani mpaka sauti ikamkauka, lakini asiyeumwa utamwambia nini?

Ghafla Tunu akahisi kama kitu kimekatika pajani mwake. Mwiko ukamponyoka, akaanguka akipiga yowe.

Raya akatokea mlangoni, ameshika ukuta, anacheka, mguu umepindia ndani.

“Mama, nimetembea! Mbona unalia?”