Mota ya Printa

"Washa, dada," mdogo wake alihimiza, kashika mkono wa mama yao. "Huoni anavyoing'ata shuka?"

Dada mtu, fundi redio, alikuwa bado anachambua waya. Kimashine alichomtengenezea mama, cha kusukuma dawa ya maumivu polepole, kilikuwa kimeungua mota. Hii nyingine aliing'oa kwenye printa mbovu. Ilikuwa na waya nne, zote za rangi moja ya kijivu.

Akagusanisha ncha mbili, akazungusha shafti kwa vidole. Ikazunguka laini. Akabadilisha ncha moja. Safari hii shafti ikawa nzito, ikagoma kama punda mlimani, ndipo akajua hizo mbili ni jozi ya koili moja, na zilizobaki ni jozi ya pili. Akaziunga, akazifunga kwa plasta ya kidonda maana tepu ilikwisha, akawasha.

Mota ikanguruma. Mama akashusha pumzi ndefu, akaiachia shuka.

"Una mkono wa baraka," mdogo wake alisema, akicheka huku analia. "Na marehemu baba alivyokuita mharibu redio."

Fundi alikuwa akilitazama bomba la sindano kwenye kimashine. Dawa ya kutwa nzima ilikuwa inashuka upesi kuliko kawaida. Alihangaika na waya, akasahau kupima hatua za mota, yaani inasogea kiasi gani kila inapopigwa umeme. Hatua moja ya hii ilikuwa pana kama nne za ile iliyoungua, na dawa mara nne ya kipimo ingemuua mama.

Akapeleka kidole kwenye swichi.

Mama akafumbua macho, akalitazama bomba, kisha akamtazama yeye.

"Usizime, mwanangu," akasema.